Habari za Mwezi na Chupa za Kariakoo

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga chapa katika shule ya famasia ya chuo kikuu. Mpiga chapa aliyekuwapo kabla yangu alikuwa ameolewa Tabora, na mimi nilikuwa na cheti, sketi mbili za kuvaa kazini, na Kiswahili nilichokipata kwa shangazi aliyenilea katika nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Siku ya usaili waliulizia cheti. Kiswahili hawakukiulizia, lakini ndicho walichokuja kukihitaji zaidi, maana agizo lilikuwa limeshatoka kwamba mambo ya ofisi yaandikwe kwa lugha ya taifa, na walimu wetu wengi walikuwa wamesomea Ulaya. Mkuu wa shule, mtu mrefu mpole aliyekunywa maji ya moto matupu kama chai, alikuwa akifungua mlango wangu na kusimama na karatasi mkononi.

"Bibie, nyie watu wa Kariakoo dawa inayotuama chini ya chupa mnaiitaje?"

"Tunaiita dawa iliyotuama, Mkuu."

"Ah," anasema, na anaandika.

Kila mwisho wa mwezi nilichapa Habari za Mwezi. Zilikuwa karatasi tatu zilizobanwa pini kwenye kona. Mkuu aliandika kwa mkono, mimi nikachapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta, nikikosea napaka ile dawa nyekundu ya kusahihishia, naipuliza mpaka ikauke, nachapa tena juu yake. Kisha naenda kwenye mashine ya kurudufu, nazungusha mkono wa mashine mpaka bega linauma na wino unanipaka hadi kwenye viwiko. Karatasi nyeupe zilikuwa adimu kama sukari. Tulitumia migongo ya mitihani ya zamani, na nadhani hiyo ndiyo sababu wanafunzi waligombania Habari za Mwezi kuliko gazeti lolote. Upande mmoja wanasoma nani kapandishwa cheo, upande wa pili wanasoma maswali ya mwaka juzi. Walipokwisha kuzitumia, karatasi zenyewe ziliteremka mjini zikafungiwa karanga.

Habari zilikuwa za namna moja. Ndugu fulani amerejea kutoka masomoni. Ndugu fulani amesoma makala kwenye mkutano wa wafamasia. Ndugu fulani na mkewe wamepata mtoto wa kike. Wakati ule sote tulikuwa ndugu, waziri ndugu, mfagiaji ndugu. Lakini nilipokwisha kuchapa miezi kama minne niligundua kwamba katika Habari za Mwezi ndugu walikuwa ni wale wanaofundisha tu. Wengine tulitokea ukurasa wa tatu, chini, kwa pamoja: "Wahudumu wanakumbushwa kufunga mabomba."

Mmoja wa hao wahudumu alikuwa mzee wa maabara. Kwao ilikuwa Newala. Alikuja Dar es Salaam ujanani kufanya kazi bandarini, akaingia kuosha vyombo vya maabara jengo letu lilipofunguliwa, na hakutoka tena. Alikuwa mfupi, mwenye kichwa cheupe pe, na koti lake la kazi alilipiga pasi mwenyewe kwa pasi ya mkaa. Mke wake alikuwa amerudi kusini kulea mashamba. Yeye aliishi Buguruni, na alikuwa na kishamba cha muhogo Tabata alichokipalilia siku za mapumziko. Kila asubuhi nilimwamkia "Shikamoo, mzee," naye hujibu "Marahaba, mwanangu," na hutupa macho kwenye vidole vyangu kuona kama jana nilizungusha mashine.

Mwaka mmoja chupa zikaisha.

Mtu wa siku hizi hawezi kuelewa maana ya chupa kuisha. Shule yetu ilikuwa na chumba ambamo wanafunzi walitengeneza dawa za maji kwa mikono yao, dawa ya kikohozi, dawa nyeupe ya tumbo, dawa ya kupaka upele, na dirisha moja lililofunguka nje ambapo wagonjwa walipanga foleni. Dawa zilikuwapo. Kilichokosekana ni cha kuzitilia. Chupa zilizoagizwa zilikuwa zimekwama, hakuna aliyejua wapi. Ikatoka amri mgonjwa aje na chupa yake. Watu wakaja na chupa za mafuta ya taa, chupa za mafuta ya nywele, mama mmoja akaja na kikombe cha bati na kukishika kwa mikono miwili mpaka Magomeni. Watoto walikunywa dawa ya kikohozi yenye harufu ya koroboi. Mkuu aliandika barua nyingi wizarani. Nazijua, nilizichapa mimi.

Kisha, bila mtu kutangaza chochote, chupa zikaanza kuonekana. Za kila aina, ndefu, nene, za kijani, za kahawia, lakini safi, zinang'aa, zimepangwa kwenye rafu ya chumba cha dawa. Lebo zilibandikwa kwa uji wa muhogo, na mende walizila usiku, na asubuhi wanafunzi waliziandika upya. Nilidhani wizara imejibu. Sikuuliza.

Jumamosi moja nilitoka na shangazi kwenda sokoni. Nilikuwa nimevaa kanga mpya, doti niliyoipata baada ya kupanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, na nilitembea kama mtu anayejua anatazamwa. Tulipita nyuma ya soko, upande wa Tandamti, pale walipokaa wauza chupa tupu na madebe. Nikamwona mzee wa maabara. Hakuwa na lile koti lake. Alikuwa na kaptula iliyochanika goti na gunia begani, amechutama mbele ya lundo la chupa, anaokota moja moja, anaipeleka puani, anafumba macho, anavuta pumzi. Nyingine anaiweka gunini. Nyingine anakunja uso na kuirudisha.

Shangazi alicheka. Alikuwa mwanamke wa mji, mzaliwa wa mji, na ulimi wake ulijulikana mitaa mitatu.

"Mtazame babu yule. Anatafuta matone ya gongo. Kila Jumamosi yupo hapa ananusa mabaki. Maskini, kinywaji kikimwingia mtu hata aibu huisha."

Mzee aliinua kichwa. Alinitazama usoni. Kinywa chake kilianza kufunguka kunisalimu.

Mimi nikageuza uso. Nilimshika shangazi mkono nikamwambia, "Twende, nyanya zitaisha," na tukaenda. Nimefanya mambo mengi maishani mabaya kuliko hilo, lakini machache ninayoyakumbuka waziwazi namna hiyo, hadi rangi ya chupa aliyoishika. Ilikuwa ya buluu.

Jumatatu nilichelewa makusudi ili nisikutane naye mlangoni. Nilimkuta ananisubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akavitazama vidole vyangu. "Ile kanga ya Jumamosi ilikupendeza."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikaa mbele ya taipureta nikachapa barua moja mara tatu. Saa nne, watu walipokwenda kunywa chai, nilishuka chini hadi chumba cha kuoshea vyombo, ambacho sikuwahi kukiingia.

Alikuwa ameinamia pipa. Chupa zilikuwa zimelowekwa kwenye maji ya majivu. Kando kulikuwa na karai la mchanga mwembamba, na lundo la majani ya mpapai, maana sabuni nayo ilikuwa haipatikani. Kwenye jiko la mkaa sufuria kubwa ilichemka, na ndani yake chupa ziligongana taratibu. Ukutani, juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa kwenye ubao, zilisimama zile zilizokwisha kuoshwa, midomo chini.

"Mzee," nikasema, "mimi sikujua."

"Ungejuaje? Mimi sijamwambia mtu."

"Shangazi alidhani—"

"Najua alichodhani. Wote pale wanadhani hivyo." Alitoa chupa majini, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Kwanza nilitaka kuwaeleza. Halafu nikafikiri, nikisema ni za hospitali watazificha, watataka malipo makubwa. Mlevi hupewa chupa kwa muhogo mmoja. Basi acha niwe mlevi."

"Na kunusa?"

"Pua ndiyo inayojua." Akanipa chupa mbili. "Nusa."

Nilinusa. Zote kwangu zilikuwa chupa.

"Hii ilikuwa na asali," akasema. "Hiyo ilikaa dawa ya kuulia wadudu. Ilishaoshwa, lakini imo. Hiyo hata ungeichemsha mpaka Idi, haifai." Akaichukua, akaivunja ndani ya ndoo ili mtu mwingine asiiokote.

Nilirudi nyumbani nikamweleza shangazi. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza bila kuinua macho, kisha akasukuma ungo pembeni.

"Nimemwita mlevi mbele za watu, mtu mzima aliye sawa na kaka yangu," akasema. "Na wewe unamjua, ukaniacha niseme."

Jumamosi iliyofuata alijifunga kanga kiunoni, akaenda mwenyewe Tandamti, akasimama mbele ya mzee na kumwomba radhi kwa sauti ambayo wauza chupa wote waliisikia. Mzee aliona haya kuliko nilivyowahi kumwona mtu akiona haya. Siri yake ilikuwa imekwisha. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kuomba radhi akaishia hapo. Alipita nyumba kwa nyumba, Sikukuu, Narung'ombe hadi Mtaa wa Swahili, kwenye nyumba za harusi na nyumba za misiba, akiwaambia wanawake wenzake: "Chupa yoyote yenye kifuniko chake, isiyokaa mafuta ya taa, niwekeeni. Watoto wenu ndio watakaonywea." Kufikia mwisho wa mwezi uani kwetu kulikuwa na chupa mpaka mlango wa choo. Mzee alikuja kuzichukua na gunia, akaletewa kiti, akapewa chai. Shangazi alijitangazia utani naye, eti watu wa pwani na watu wa kusini ni watani tangu zamani, na toka siku hiyo hakumwacha anywe chai yake kwa amani.

Ndipo ikaja siku ya kuchapa Habari za Mwezi. Mkuu aliniletea mswada. Habari ya kwanza ilikuwa ya chupa: Kamati ya Vifaa, chini ya uongozi wa mhadhiri fulani, imefanikiwa kutatua tatizo la chupa kwa moyo wa kujitegemea. Mhadhiri huyo alikuwa kijana aliyerudi kutoka masomoni mwaka uleule, suruali pana chini, viatu vya kisigino kirefu, mtu mzuri tu, ila nilijua hakuwahi kushika chupa hata moja.

Nilichapa kama nilivyopewa. Nilichapa kurasa zote tatu. Chini ya ukurasa wa tatu, baada ya wahudumu kukumbushwa kufunga mabomba, palibaki nafasi ya vidole vinne. Nilitazama ile nafasi. Mkuu alikuwa ameshatoka. Nikachapa:

"Chupa zilizotajwa ukurasa wa kwanza zimetafutwa Kariakoo, zimenuswa moja moja, zimeoshwa na kuchemshwa na mzee wetu wa maabara, Ndugu," na hapo nikaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kama yalivyokuwa kwenye jalada lake la ajira. "Amefanya hivyo siku zake za mapumziko. Tunamshukuru."

Nikaenda kwenye mashine nikazungusha kabla moyo haujanigeuka.

Habari zilitoka Ijumaa. Jumatatu mkuu aliniita. Alikuwa amekaa, na maji yake ya moto yalikuwa yamepoa bila kuguswa.

"Bibie, umeandika bila idhini yangu."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ulichoandika ni kweli?"

"Ni kweli tupu."

"Hilo ndilo tatizo." Alisugua paji la uso. "Karatasi hii inakwenda utawala. Inakwenda wizarani. Sasa wamesoma kwamba shule ya famasia inatia dawa kwenye chupa za jalalani zilizonuswa na mhudumu. Leo asubuhi nimepigiwa simu. Dirisha la dawa tumeamriwa tulifunge mpaka wajue kama chupa ni salama."

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria heshima ya mtu mmoja, na sikufikiria foleni. Mkuu akanipa onyo, na kwa kuwa mpiga chapa nilikuwa peke yangu, alilazimika kunipa mswada nilichape onyo langu mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikausoma.

"Mkuu, hapa umeandika 'izini.'"

"Si ndivyo?"

"Ni 'idhini.'"

"Basi sahihisha," akasema kwa uchovu. "Nakala mbili."

Dirisha lilifungwa. Nilipita hapo asubuhi na jioni, nikawaona watu wamekaa chini ukutani wakidhani labda litafunguliwa mchana. Yule mama wa kikombe cha bati alirudi. Nilishuka chumba cha kuoshea. Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jiko limezimwa, Habari za Mwezi mkononi. Alikuwa akisoma elimu ya watu wazima jioni, darasa la tatu, na alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Nilijua amefika mwisho maana kidole kilikuwa kimesimama.

"Mzee, nimekuharibia," nikasema.

"Jina umelipatia," akasema. "Hata la babu. Nilimsahau mimi mwenyewe kumtaja hapa mjini miaka mingi." Akalitazama tena. "Ila umeniita 'mzee wetu.' Uzee si kazi niliyoifanya. Uzee umekuja wenyewe."

Nilicheka huku nalia. Yeye hakucheka.

"Chupa zangu ni safi," akasema. "Wazipime. Siogopi. Nawaogopea wale waliokaa pale nje."

Mtu aliyekuja kuzipima alikuwa yule yule mhadhiri kijana. Alitukuta pale chini, akasimama mlangoni na viatu vyake virefu, hajui aanzie wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ile habari ya kamati sikuiandika mimi," akasema. "Lakini niliisoma kabla haijatoka, na nilijua si kweli, nikanyamaza. Nimekuja kusema hivyo kwanza. La pili, nimeomba ruhusa nizipime hizi chupa mimi mwenyewe. Nataka nijue unavyoziosha, hatua kwa hatua, ili nikiulizwa nijibu."

Mzee alimwangalia toka viatuni hadi kichwani.

"Utavua hivyo viatu," akasema. "Hapa panateleza."

Kwa siku kadhaa mhadhiri aliosha chupa pamoja na mzee, suruali imekunjwa hadi magotini, majani ya mpapai mkononi. Nilipata sababu nyingi za kushuka. Mzee alimfundisha kama alivyofundishwa na nani sijui, kwa maneno machache. Majivu kwanza. Mchanga, tikisa, lakini usitikise kama mcheza ngoma. Suuza mara tatu, na mara ya tatu hesabu pumzi zako kumi. Mhadhiri aliandika yote kwenye daftari. Kisha akachukua chupa za mzee bila kuchagua, na chache alizoziosha yeye, akazitia maji maalumu ambayo uchafu wowote usioonekana ungeota ndani yake na kuyafanya kuwa na ukungu. Akazifungia kabatini penye joto. Tukasubiri.

Siku ya kufungua kabati tulikuwa wanne, mkuu, mhadhiri, mzee na mimi niliyeitwa kuandika. Mhadhiri alitoa chupa moja moja na kuinua kwenye mwanga. Safi. Safi. Safi. Mkuu alikuwa akihema kwa sauti. Ikabaki moja nyuma kabisa. Ilikuwa na ukungu, kama maji ya mchele.

Mhadhiri aliigeuza asome alama aliyoichora kwenye kitako. Niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Hii niliiosha mimi," akasema.

Mzee aliipokea, akaitazama.

"Hukusuuza shingo," akasema kwa upole.

Mkuu alianza kucheka kwanza, cheko ambalo sikujua analo, akashika ukingo wa meza. Kisha mhadhiri. Mzee naye, mwishoni, kwa meno machache. Mimi nilikuwa na kazi ya kuandika na sikuandika chochote kwa muda.

Dirisha lilifunguliwa juma lile lile. Mhadhiri alipeleka taarifa yake juu, na akasisitiza ile chupa yenye ukungu iandikwe, na nani aliyeiosha. Mwezi uliofuata habari ya kwanza ilikuwa ya chupa tena, na safari hii mkuu aliiandika mbele yangu, akaniuliza kila neno. Majina yalikuwa mawili. La mzee lilitangulia. Neno "mzee wetu" halikuwamo.

Na haikuishia hapo. Mkuu alisema kwamba kwa kuwa ninajua sana habari za watu, ukurasa wa tatu niukusanye mimi, mradi aupitie kwanza. Ndivyo nilivyoanza kuzunguka jengo zima na kalamu. Mpishi amejenga nyumba Mbagala, chumba cha kwanza kimeezekwa. Dereva amefikisha gari hadi Mbeya na kurudi kwa tairi zilezile. Mfagiaji wa ghorofa ya pili amefaulu mtihani wa kusoma na kuandika, akamwandikia mama yake barua, mama yake akajibu. Watu walianza kunifuata wenyewe. Wengine walisimama mbele ya meza yangu, wakikunja kofia, na kusema hawana la kuandikwa, na nikiwaacha waongee kidogo hupatikana. Wanafunzi walianza kusoma ukurasa wa tatu kabla hata ya kugeuza kuona maswali. Mabomba yaliendelea kuachwa wazi, lakini hatukupata tena nafasi ya kuyasema.

Mzee alistaafu miaka miwili baadaye. Masika yalikuwa makali, Rufiji imefurika na barabara ya kusini imekatika, kwa hiyo aliondoka kwa meli ya Mtwara. Tulimsindikiza hadi bandarini asubuhi, shangazi, mhadhiri na mimi. Mhadhiri alibeba sanduku lake la bati kichwani, na wachukuzi walimcheka wakisema kazi yao inaingiliwa. Lango lilijaa malori na watu na magunia ya kila kitu. Shangazi alimpa doti ya kanga apeleke kwa mkewe, na akamwambia akifika awaeleze watani wote kwamba Dar es Salaam ndipo alipofunzwa kunywa chai.

"Nitawaeleza kwamba nilinyimwa sukari," akasema mzee.

Alinishika mkono. Alivitazama vidole vyangu, vina wino kama kawaida, akavifunga ndani ya kiganja chake.

"Usiache kuwaandika," akasema.

Kisha akapita langoni na tiketi yake, akageuka mara moja, akatutafuta katika umati, na koti lake la kazi, alilokuwa amelivaa juu ya shati la safari, likapotea kati ya mabega ya watu.

Nilichapa habari ya kustaafu kwake mwezi ule. Niliandika ukurasa mzima, mkuu akaupunguza hadi nusu, nikalalamika, akanirudishia mistari mitano. Chupa mpya kutoka ng'ambo zilifika hatimaye, makasha kwa makasha, zote sawa kwa urefu na rangi, na chumba cha kuoshea kikawekwa viti vibovu. Baadaye karatasi nazo zikaisha kabisa, hata za migongo, na Habari za Mwezi zikasimama. Mimi nilihamia ofisi nyingine, nikaolewa, nikazaa. Mhadhiri akawa profesa. Shangazi amezikwa Kisutu.

Kutoka Newala tulipata barua moja tu, mwaka mmoja baada ya meli. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zinazopanda mlima. Alisema korosho zimekubali, mke wake mzima, magoti yanamsumbua wakati wa baridi. Alisalimia watu wote wa jengo, mmoja mmoja, kwa jina, la baba na la babu pale alipolijua. Ilijaza kurasa mbili. Niliisomea ghorofa zote, na ilichukua asubuhi nzima.